Mwezi Uliotua na Kivuli Chake

Alfajiri ya Jumatano, tarehe 18 Septemba 2024, mwezi ulipatwa. Nalitaja jambo hili mapema ili msomaji mpenzi asije akadhani kwamba namwandalia tukio la ajabu. Hakukuwa kupatwa kule kunakougeuza mwezi mzima kuwa kaa la moto, kukawatoa watu majumbani na kuwasahaulisha chungu mekoni. Kivuli cha dunia kiliugusa mwezi ukingoni tu, kikafunika chini ya sehemu moja kwa kumi ya upana wake, kisha kikajiondokea. Tangu kuanza hadi kumalizika, jambo lenyewe lilichukua muda wa saa moja na dakika tatu hivi. Wengi wa wenzangu chuoni walikuwa wamelala, na waliokuwa macho aghalabu hawakuinua nyuso zao. Siwalaumu. Nami ningekuwa usingizini lau si mzee mmoja, ambaye macho yake yamedhoofika, kuniamrisha nimwangalizie.

Mzee huyo ni babu yangu mzaa mama, mkaazi wa Vanga, mji ulio katika ncha ya kusini ya pwani ya Kenya, Kaunti ya Kwale, hatua chache kutoka mpaka wa Tanzania. Ujanani mwake alikuwa nahodha wa mashua. Alisafiri baina ya Vanga, Wasini, Tanga na Pemba akibeba nazi, chumvi, mbao na abiria, na hakuwa na dira isipokuwa upepo, maji na nyota. Lugha yake ni Kivumba, lahaja ambayo sisi tuliokulia mijini tunaielewa kwa sikio lakini ulimi wetu unaikwepa. Mwaka huo nilikuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamili kuhusu msamiati wa bahari na anga miongoni mwa wavuvi, na kwa hivyo nilirudi Vanga si kama mjukuu tu, bali kama mtafiti mwenye daftari, kinasa sauti na hojaji iliyopigwa chapa.

Babu hakupendezwa na hojaji. Siku ya kwanza nilimsomea swali la kwanza, naye akaniuliza, "Je, haya yote wataka kuyajua ukiwa umekaa kitini?" Siku ya pili alinieleza tofauti ya bamvua na maji mafu, akanyamaza. Nilipomsihi aendelee alisema kwamba maneno ya baharini si dagaa wa kumwagwa mkekani, kila apitaye akachota. Neno moja hulipwa kwa jambo moja. Nilidhani anafanya mzaha. Nilikuja kutambua baadaye kwamba alikuwa akitafuta mtu wa kumtazamia dunia, na malipo aliyoyataka yalikuwa macho yangu.

Hapa sina budi kueleza habari ya macho yake. Babu anaugua maradhi ambayo watu wa kwetu huyaita presha ya macho. Haya si mtoto wa jicho, ambaye daktari humtoa kwa upasuaji na mgonjwa akaona tena. Katika presha ya macho, maji yaliyomo ndani ya jicho huzidisha mkandamizo, na mkandamizo huo huuharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Maradhi haya hayaumi. Huanza pembezoni, yakala uoni wa kando polepole, mgonjwa asijue, mpaka siku anapojigonga mlangoni au kumpita jirani yake bila kumsalimu na kuambiwa kwamba ana kiburi. Babu alikuwa amebakiwa na tundu dogo la katikati. Ukimwekea sindano mbele kabisa ya macho yake ataiona; ukimwekea ng'ombe ubavuni hatamwona. Alizoea kusema kwamba anaitazama dunia kupitia bomba la baiskeli.

Katika hospitali moja aliyopelekwa miaka miwili kabla ya alfajiri hiyo, alipewa dawa ya matone ya kutia kila jioni. Mimi sikuwapo. Walikuwapo shangazi na mjomba, na waliporudi walituambia maneno ya daktari: kilichopotea hakirudi, ila dawa hulinda kilichobaki. Hayo tulielezana sisi. Babu tulimwambia mengine. Tulimwambia, "Utapona, inshallah. Tia dawa tu, utaona kama zamani." Kila mmoja wetu alimwambia hivyo, mimi kwa simu kutoka chuoni, shangazi kila alipompelekea chai, mjomba kila alipokuja na pesa za dawa. Hatukuwa na nia mbaya. Tulimwonea huruma, na huruma ikatutia uongo kinywani kama jambo la kawaida.

Juma lile nilipofika, shangazi aliniita jikoni akafungua sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na chupa saba za dawa, zote hazijafunguliwa. Babu alikuwa ameacha kutia dawa muda mrefu, naye shangazi, kwa heshima na kwa hofu, hakuthubutu kumuuliza. Mimi nilimwahidi shangazi kwamba nitamuuliza. Siku nne zikapita, nikimuuliza babu habari za kusi na kaskazi, za omo na tezi, nisimuulize habari za chupa.

Ndipo nikasoma kwamba mwezi utapatwa. Nilimwambia babu jioni ya Jumatatu, tukiwa barazani, nikitaraji kumfurahisha. Aliinua uso. Aliniambia kwamba kupatwa kwa mwisho alikokuona vizuri kulikuwa kule kwa usiku wa tarehe 27 Julai 2018. Naam, wengi tunakukumbuka. Mwezi ulifunikwa wote kwa muda wa saa moja na dakika 43, na hakuna kupatwa kuzima kwa mwezi katika karne hii nzima kutakakodumu zaidi ya hapo. Babu alikumbuka mwezi mwekundu, na karibu yake nyota nyingine nyekundu isiyopepesa. Nyota hiyo ilikuwa sayari ya Mirihi, ambayo usiku ule ilikuwa imeikabili dunia ikang'aa kupita kawaida yake. Hakuwa amesoma habari hiyo popote. Aliiona tu akaihifadhi.

"Utanitazamia," alisema. "Nami nitakupa maneno yako. Lakini uniambie unachokiona, si unachokijua."

Nilichokijua kilikuwa kingi, kwani nilikuwa nimejiandaa. Nilijua kwamba mwezi hupatwa wakati dunia inapokaa katikati ya jua na mwezi, na kwamba jambo hilo haliwezekani ila mwezi ukiwa mpevu. Nilijua kwamba halitokei kila mwezi kwa sababu njia ya mwezi imeinama kwa kiasi cha digrii tano, hivyo mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli. Safari hii ungepita kusini mwa kivuli na kukigusa kwa ukingo wake wa kaskazini. Nilijua kwamba kivuli hafifu kingeanza kuugusa saa tisa na dakika 41 usiku, jambo ambalo jicho halilitambui. Kwamba kivuli kizito kingeingia saa kumi na moja na dakika 13 alfajiri, kikafikia upeo saa kumi na moja na dakika 44, na kutoka saa kumi na mbili na dakika 16. Nilijua pia kwamba Vanga, siku hiyo, jua lingechomoza na mwezi kutua karibu saa kumi na mbili na robo. Kwa hesabu hiyo, mwezi ungezama na kivuli chake, na sisi hatungeuona ukiachiliwa.

Neno lenyewe, kupatwa, lilinishughulisha usiku ule. Sisi wanafunzi wa isimu tumezoea kuchanganua sentensi ya kutendwa, tukamtafuta mtenda. Mwezi umepatwa. Umepatwa na nani? Sentensi inamtaja mtendwa na kumficha mtenda, na wasemaji hawaulizi. Nilipomuuliza babu aliniambia kwamba katika utoto wake wapo bibi waliosema kwamba ni chatu wa mbinguni, wakapiga vinu na masufuria ili amteme mateka wake. Chatu ameondoka katika imani, lakini ameacha nafasi yake wazi katika sarufi. Na neno hilohilo ndilo tunalomwambia mja aliyefikwa na msiba: amepatwa na nini? Babu alipotaja maradhi yake hakuyaita presha wala ugonjwa. Alisema tu, "Tangu nilipopatwa."

Asubuhi ile niliamshwa na bakora yake ikigonga mlango. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado haijatoka. Alikwenda msikitini akiongozwa na kijana wa jirani, nami nikaswali nyumbani, kisha nikaenda kumngoja penye dau kuukuu lililopinduliwa, kando ya mji, mahali ambapo mtu anaweza kuangalia magharibi juu ya mikoko. Ilikuwa katikati ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Maji yalikuwa ya bamvua kubwa, kwani mwezi ulikuwa mpevu na, juu ya hayo, ulikuwa umeikaribia dunia hadi takriban kilomita 357,000. Bahari ilikuwa imejaa usiku hadi ikaingia miguuni mwa mikoko, na sasa ilikuwa ikianza kupwa, tukisikia sauti ya maji yakijivuta topeni. Kutoka bara ulikuja umande, upepo mwembamba wenye baridi.

Babu alifika, akakaa juu ya dau, akaweka bakora magotini. Alinieleza kwamba msikitini baadhi yao walibaki kuswali sala ya kupatwa kwa mwezi, naye ameswali nao rakaa mbili kisha akaomba ruhusa kwa kuwa ana miadi na mjukuu wake. Kisha, kama aliyekuwa akiendelea na mazungumzo ya zamani, akanikumbusha kisa cha Ibrahim, mwana mchanga wa Mtume, aliyefariki Madina siku ambayo jua lilipatwa. Watu walisema jua limeingia katika msiba. Mtume, ambaye angeweza kuikubali heshima hiyo katikati ya huzuni yake, aliikataa. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote.

"Wala kwa macho ya mzee wa Vanga," babu aliongeza, akacheka. "Haya, waonaje?"

Nilitazama. Mwezi ulikuwa magharibi, umeshuka, mkubwa na mweupe, upande ambako ndiko ilipo milima ya Usambara. Mto Umba huzaliwa katika milima hiyo na kuja kumwaga maji yake karibu na Vanga. Juu ya vichwa vyetu nyota bado zilikuwapo. Saa yangu ilionyesha saa kumi na moja na dakika 20.

"Umekamilika, babu," nilisema.

"Tazama tena."

Nilitazama tena. Huenda ni dakika tano zilizopita, huenda ni zaidi. Kisha nikaona kwamba ukingo mmoja haukuwa na makali kama ulivyokuwa. Palikuwa na kitu kama uchafu wa kidole kwenye kioo.

"Upo uweusi kidogo, upande wa kulia."

"Kulia kwa nani? Mwezi hauna kulia. Baharini ukisema kulia utawazamisha watu. Taja upande wa dunia."

"Kaskazini, babu."

"Kaskazini. Na ukubwa wake?"

Hapo, mpenzi msomaji, ndipo nilipokosea. Nilimtazama mzee yule aliyeamka usiku wa manane, akavaa kanzu safi, akakaa juu ya dau katika baridi kungoja jambo kubwa. Nilijua kwamba alikuwa na mwezi wa mwaka wa 2018 kichwani mwake. Kilichokuwa mbele yangu kilikuwa kidogo mno. Kilikuwa kama ukucha. Nilimwonea haya, kana kwamba mimi ndimi niliyemwahidi mwezi na sasa namletea kipande.

"Unazidi," nilisema. "Unaliwa. Sasa yakaribia nusu."

Babu hakusema kitu. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniambia nisimame nyuma yake, nimshike kidevu kwa mikono miwili, nimwelekeze uso wake kama mtu anayeelekeza darubini. Sikujua sababu. Nilimshika. Ndevu zake zilikuwa na maji ya udhu. Nilimgeuza kidogo kusini, nikamrudisha, nikamwinua, nikamshusha. "Hapo," alisema ghafla. "Usinitikise." Akakaa hivyo, pumzi yake ikienda taratibu, na mimi nimemshika kama aliyebeba yai.

Sikuwa nimefikiri. Tundu la babu ni dogo, lakini mwezi nao angani ni mdogo. Ulitosha mzima ndani ya lile bomba lake la baiskeli. Tatizo lake halikuwa kuuona, bali kuupata. Akishaelekezwa huuona kama mimi nionavyo.

"Mbona mimi naona kidogo tu," alisema. "Kama ulioumwa na panya."

Nilinyamaza. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika 44 au 45, upeo wa kupatwa wenyewe.

"Nilikutuma unitafutie, sikukutuma unitilie chumvi. Kwa nini umeniambia nusu?"

Ningeweza kusema kwamba nimekosea kukadiria. Nilikaa kando yake juu ya dau nikamwambia ukweli: kwamba niliona kitu kidogo nikaogopa kitamvunja moyo. Babu alitikisa kichwa. Hakukasirika. Alisema, kwa sauti ya mtu anayehesabu samaki, kwamba hivyo ndivyo tunavyomfanyia wote tangu alipopatwa. Alipotoka hospitali tulimwambia ataona kama zamani. Akatia dawa jioni moja, akatia jioni ya pili, akatia miezi mitatu bila kukosa hata siku moja, na kila asubuhi alipoamka alipima macho yake kwa nguzo ya baraza, akaona nguzo haijaongezeka upana. Basi akajua kwamba dawa ni bandia, au mwili wake umeikataa, au Mungu hajapenda. Akaziweka chupa sandukuni. Mjomba alileta nyingine, naye akaziweka, kwa sababu hakutaka kumwaibisha mwanawe kwa kumwambia kwamba anatupa pesa zake baharini.

Nilisikia baridi isiyokuwa ya umande. Siku nne nilikuwa nikijiuliza kwa nini mzee mwenye akili timamu anaitupa dawa yake, na jawabu lilikuwa sisi wenyewe. Hatukumwambia dawa ile hufanya kazi gani. Tulimpa kipimo cha uongo, naye, kwa kuwa ni nahodha na mtu wa vipimo, akapima kwa uaminifu, akaona haitimizi, akaiacha.

"Babu," nilisema, "dawa ile hairudishi kitu. Haikuumbwa kurudisha. Daktari alisema kilichopotea kimepotea. Dawa inalinda hicho kilichobaki, ili kisipungue."

Alikaa kimya muda mrefu. Mbingu ya mashariki nyuma yetu ilikuwa imeanza kupauka, na nyota ndogo zikawa zinazimika moja moja.

"Hicho nilichouonea mwezi?"

"Hicho hicho."

"Na hilo mlilijua."

"Tulilijua."

"Wote?"

"Wote, babu."

Alishika bakora yake, nikadhani ananyanyuka kwenda zake. Hakunyanyuka. Alisema, "Nirudishe mweziniii," akiurefusha mwisho wa neno kama mabaharia wanavyoitana, nami nikamshika tena kidevu. Mwezi ulikuwa umeshuka zaidi, na ule uweusi ulikuwa ukiteremka ukingoni, bado upande wa kaskazini lakini sasa ukielekea chini. Niliona jambo ambalo nilikuwa nimelisoma nisilitilie maanani: mpaka wa kivuli haukuwa mstari ulionyooka, ulikuwa umepinda kidogo. Huo ni mviringo wa dunia yetu. Aristotle alilitumia pindo hilo kama ushahidi kwamba dunia ni duara. Nilimweleza babu, naye akasema kwamba hilo mabaharia hawakuhitaji mwezi kulijua. Jahazi likienda mbali humeza kwanza ngama, mlingoti ukabaki wa mwisho.

Mwezi ulipokaribia vilele vya mikoko ulianza kugeuka rangi. Ulikuwa manjano, kisha ukawa rangi ya embe bivu, kisha ukawa na wekundu.

"Sasa umekuwa mwekundu," babu alisema. "Ndiko kupatwa kwenyewe?"

Lo! Jinsi ilivyokuwa rahisi kusema naam. Alikuwa ameupata mwezi wake mwekundu bila mimi kuutafuta. Lakini wekundu ule haukuwa wa kupatwa. Ulikuwa wekundu wa kila mwezi unaotua, na wa kila jua linalokuchwa, kwa sababu karibu na upeo wa macho mwangaza hupita katika hewa nzito zaidi, na hewa hiyo ikautawanya wekundu kidogo na buluu kwa wingi. Katika mwezi ule, kivuli kilikuwa bado ni kile kipande kidogo cha pembeni, nacho kilikuwa kikipungua.

"Hapana, babu. Huo ni wekundu wa kutua tu. Kesho pia utakuwa mwekundu."

"Vema," alisema. Na nadhani sijawahi kusifiwa na mwalimu yeyote kwa neno lililonifika kama lile.

Ukaingia katika ukungu uliokuwa juu ya mikoko, ukawa kama taa nyuma ya kitambaa. Halafu tukaupoteza. Sikuweza kusema ni dakika gani hasa. Nyuma yetu jua lilikuwa likipasua upande wa bahari, na kivuli changu na cha babu vikatanda mbele yetu juu ya mchanga, virefu, vikielekea kule kule ulikokwenda mwezi. Nilipovitazama ndipo nilipofahamu kwa mara ya kwanza, kwa mwili wangu, yale niliyoyasoma: kivuli kilichouma mwezi kilikuwa cha ardhi tuliyoikalia, nasi tulikuwa ndani yake muda wote ule.

"Hatukuuona ukiachiliwa," babu alisema.

"Hatukuuona. Lakini umeachiliwa, au utaachiliwa dakika hii. Walio magharibi yetu, Kampala hadi Kinshasa, wanauona."

"Nao wakiulizwa waseme walivyoona."

Tulirudi nyumbani. Shangazi alikuwa ameandaa mahamri na mbaazi. Babu alikula bila kusema, akanawa, kisha akamwambia shangazi alete moja ya zile chupa. Shangazi alinitazama, nami nikatazama chini. Babu alimweleza kwa ufupi kwamba amejua kazi ya dawa, na kwamba kuanzia leo atakayemwambia ataona kama zamani asimwamkie. Mkono wake ulimtetemeka, tone la kwanza likamwangukia shavuni, la pili likaingia. Baadaye tulisoma tarehe zilizoandikwa chini ya chupa, tukatupa nne zilizopitwa na wakati. Hesabu ya miezi aliyokaa bila dawa sikuifanya mbele yake. Niliifanya usiku, peke yangu, na sitaiandika hapa. Maradhi yale hayangoji mtu amalize kudanganywa.

Alasiri, maji yalipokuwa yakijaa tena, aliniita nilete daftari. Alinipa maneno kwa saa mbili mfululizo, nami nikaandika hadi kidole kikafanya shimo. Mengi yamo katika tasnifu yangu, na msimamizi wangu aliyasifu. Hojaji nilikuwa nimeiweka ndani ya begi, sikuitoa tena. Kila babu aliponipa neno alinitaka nimtajie kitu nilichokiona mwenyewe kinachoitwa hivyo, na nilipokuwa sijakiona alikataa niliandike mpaka nitoke nikakitazame.

Takriban mwaka mmoja baadaye, Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa tena, safari hii wote, jioni, ukiwa juu mbinguni. Saa mbili unusu za usiku kivuli kilikuwa kimeufunika kabisa, ukabaki hivyo kwa zaidi ya saa nzima. Mimi nilikuwa chuoni. Niliutazama kutoka uwanja wa bweni, wanafunzi wakiupiga picha kwa simu, kisha nikampigia babu. Kijana wa jirani alikuwa amemshika kidevu. Nilimuuliza waonaje.

"Mwekundu," alisema. "Na wewe huko?"

"Mwekundu, babu."

"Wote?"

Nilitazama tena kabla ya kumjibu. Upande mmoja ulikuwa na weupe hafifu.

"Karibu wote," nilisema. "Ukingo mmoja una mwangaza kidogo."

"Ndivyo," alisema. "Hata hapa."